Farasi wa Mkononi, Mtu wa Kiooni

Nilikuwa nimelishika sikio la Jumapili kwa vidole viwili, nikilikunja polepole liangukie nyuma, niliposikia pikapu ya Delmer ikipiga chafya nje. Sikuliachia. Udongo huu wa kufinyangia una mafuta ndani yake. Ukipata moto hulainika kama siagi, ukipoa hukaza, na sikio likikaza vibaya inakubidi ulikate lote uanze upya. Wiki ile nilikuwa nimeshalikata mara kadhaa.

Jumapili alikuwa farasi wa kweli kabla hajawa udongo. Alizaliwa kwenye baridi kali, ncha ya sikio lake la kushoto ikaganda na kudondoka, na kipande kilichobaki kikawa na tabia yake chenyewe. Akiwa radhi na dunia, kililala. Akitaka kukutupa chini, kilisimama wima kama askari. Mimi nilimtaka Jumapili aliye radhi.

Alikuwa mbele yangu juu ya meza, kimo cha mbuzi mkubwa, miguu ya nyuma imejikita chini, uzito wote ameurudisha nyuma. Mgongoni kwake alikaa mtu aliyekwisha kumnasa ndama na sasa anaizungusha kamba kwenye pembe ya tandiko, kile kigingi cha mbele, ili isimponyoke. Ndama mwenyewe haonekani. Kamba inakwenda tu, imekazwa, mpaka ukingoni mwa ubao.

Kesho asubuhi Ruben Archuleta, fundi wa kusubu shaba, angekuja na lori lake kuwachukua wote wawili akawatengenezee kalibu. Shaba ikishamiminwa hakuna tena kukunja sikio. Kamati ya maonyesho ya mifugo hapa Tansy ilikuwa imeshaweka jiwe la kuwasimamishia, mlangoni kabisa mwa ukumbi wa ng'ombe, mahali ambapo kila mtu mwenye mifugo katika wilaya yetu husimama kufuta matope ya viatu.

Watu hao ndio walionitia wasiwasi. Watu wetu watamsamehe mwizi wa ng'ombe kabla ya kumsamehe mtu aliyefunga tandiko kinyume. Katika mji mmoja wa jirani kuna sanamu ya mpanda farasi aliyeshika hatamu kama mtu anayeanika soksi, na mpaka leo watu wakipita huipigia honi.

Kwa hiyo nilikuwa nimejiwekea sharti. Delmer Pruitt aje aangalie bila kuambiwa neno. Akimtaja farasi kwa jina, Ruben atamchukua. Asipomtaja, kila kitu kinarudi kwenye kikaango cha umeme ninachoyeyushia udongo, nami narudi kutengeneza vifungo vya mikanda.

Delmer na mimi tulifanya kazi pamoja katika ranchi ya Maddock tangu hatujaota ndevu, mpaka siku farasi mmoja mgeni alipoteleza kwenye barafu akanilalia nyonga. Nyonga ilipona kwa namna yake. Lakini ranchini mtu asiyepanda farasi ni mdomo wa kulishwa tu, nikahamia hapa kwenye banda la zamani la kunyolea kondoo, na mikono ikawa haijui ifanye nini. Ilianza na nta ya mishumaa. Hakuna aliyenifundisha. Nilichemsha mafuvu ya ng'ombe waliofia malishoni ili nione mfupa unapokutana na mfupa, nikapima miguu ya farasi wa Delmer kwa uzi wenye mafundo, nao wakanivumilia kuliko mwenye farasi.

Fahali wangu wa kwanza nilimwonyesha Delmer. Alimzunguka, akavua kofia kwa heshima, akasema, "Kiazi chenye pembe." Farasi aliyefuata alimwita mbwa aliyevaa viatu. Mwaka jana nikafinyanga ng'ombe jike akimlamba ndama. Delmer alikuna shingo, akasema, "Nimeshaona vibaya zaidi." Kwetu hiyo ni sifa ya kuandikwa kaburini. Chakula cha jioni siku hiyo kilinishinda kwa furaha.

Mlango ukasukumwa.

"Uko hai humu," Delmer akaita, "au udongo umekumeza?"

"Ingia. Futa miguu."

"Nifute miguu niingie banda la kondoo! Wewe Wendell umekuwa mama mkwe."

Aliingia na miguu yake iliyopinda kama mabano, mkononi mfuko wa mikate ya mdalasini kutoka mkahawani, karatasi imelowa siagi. Alikuwa amefungua kinywa kuendelea. Kisha akaona meza, na kinywa kikabaki hivyo hivyo.

Aliweka mfuko chini. Akaja kwa upande wa kushoto, kama mtu anavyomwendea farasi, taratibu, na naapa nilimwona akitanguliza mkono kidogo, nyuma ya vidole ikiwa mbele, ili anuswe kwanza.

"Jumapili," akasema. "We shetani mzee."

Nilishika ukingo wa meza. Kuna furaha inayopanda kichwani na kuna furaha inayoshuka mikononi. Hii ilishuka mikononi.

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Jina lake."

"Jumapili! Kwani ulidhani nitasema nani, shangazi yako? Tazama hilo sikio. Tazama hayo macho ya kukwepa kazi." Tulimwita Jumapili kwa sababu kwake kila siku ilikuwa ya mapumziko. "Bwana wee. Ungempa majani makavu angeyala."

Niligeuka nikajifanya natafuta kitambaa. Nilikuwa nacheka peke yangu ukutani kama mwehu. Nilimpangia Ruben mahali pa kuegesha lori, nikampangia kila mtu wa wilaya mahali pa kusimama mlangoni pale, wakivua kofia.

Nyuma yangu Delmer alikuwa amefika upande wa pili wa meza. Kisha nikasikia sauti kama birika linaloanza kuchemka.

"Wendell."

"Naam."

"Na huyu mama ni nani?"

"Mama yupi?"

"Huyu aliyempanda."

"Huyo ni mwanamume, Delmer."

"Mwanamume gani anafunga shati hivi?"

Nilikuja. Nikatazama shati la mpanda farasi, ambalo nililitengeneza kwa mapenzi, kifungo kwa kifungo. Kisha nikainama nikatazama langu. Langu, upande wa kushoto umelalia wa kulia, kama mashati yote ya kiume niliyowahi kuvaa. Lake, wa kulia umelalia wa kushoto, kama ya kike.

"Kosa dogo," nikasema. "Nalirekebisha sasa hivi."

"Haya, rekebisha. Na mkono?"

"Mkono una nini?"

"Nionyeshe mkono wako wa kamba."

Niliinua mkono wa kulia. Delmer alinyoosha kidole. Mpanda farasi wangu alishika hatamu kwa mkono wa kulia na kuzungusha kamba kwa wa kushoto. Kamba ilizunguka pembe ya tandiko kinyume cha ninavyozungusha mimi, kwa ustadi mkubwa, dole gumba limeinuliwa juu lisikatwe, kila kitu sawasawa, ila kinyume.

Sote wawili tukageuka tukatazama kona.

Pale konani kulikuwa na pipa, juu ya pipa tandiko langu la zamani, na mbele ya tandiko kioo kikubwa nilichokinunua kinyozi wetu alipofunga duka. Farasi nilimtoa mikononi. Kila msuli wake nilikuwa nimeusugua kwa brashi asubuhi nyingi za baridi. Mtu nilimtoa kiooni. Nilikaa pale juu na kamba yangu, nikajitazama, nikashuka, nikafinyanga nilichokiona. Kila jioni nilikagua. Kioo na udongo vilikubaliana, nikaona mashahidi wawili wanatosha.

Delmer alikwenda akakalia ndoo ya plasta. Alicheka bila sauti kwanza, kisha kwa sauti, kisha kwa sauti ambayo sijaisikia tangu jogoo wa Maddock alipoingia kwenye gari la mkaguzi wa maziwa.

"Lori linakuja kesho," nikasema.

Hilo lilimchekesha zaidi.

"Delmer, watanipigia honi. Wao na wajukuu wao."

"Honi!" akasema akifuta macho. "Wataleta tarumbeta!"

Nilichukua kisu. Nikakipasha moto kwenye kikaango kama ninavyofanya siku zote, kwa sababu kisu baridi kinavuta udongo, nikaona mahali pa kukata, kiunoni, juu kidogo ya mkanda. Jumapili angebaki. Mtu ningemfanya upya usiku kucha, na mapambazuko yangemkuta kamili au yangenikuta mimi nimekwisha.

Delmer alinishika kiwiko. Alikuwa ameacha kucheka, ila mabega yalikuwa bado hayajapata habari.

"Weka kisu. Nikuulize swali. Wewe ulimpanda Jumapili ukiwa na kamba lini?"

Nikatazama kisu.

"Niliwahi."

"Uliwahi, ndiyo. Ukakaa juu yake muda gani?"

"Kiasi."

"Kiasi cha kuvua kofia! Bwana, ulitua kwenye sufuria la maharage la mke wa mchungaji wa kanisa. Alikuwa bado anasali."

"Maharage yalikuwa yamepoa."

"Kwake hayakuwa yamepoa."

Ukweli ni kwamba Jumapili alipokuwa kijana kamba ilimpita chini ya mkia kwa upande wa kulia, na tangu siku hiyo mtu yeyote aliyezungusha kamba upande huo aliona sikio likisimama, na kilichofuata hakukiona kwa sababu alikuwa hewani. Tulijaribu wote. Alikuwa farasi bora wa kamba katika ranchi nzima, na kati ya wanaume wote wa Maddock hakuna aliyeweza kurusha kamba akiwa juu yake. Ilihitajika kamba ipite kushoto. Ilihitajika mtu wa mashoto.

"Na mwenye mashoto," Delmer akaanza.

"Thora," nikasema. Tulilitaja pamoja, kama watoto wanaojibu darasani.

Thora Beckstead ana ng'ombe wake upande wa pili wa kilima. Siku ya kupiga ndama chapa, majirani wote hukusanyika, na asubuhi mwenye ranchi hutaja majina ya watakaorusha kamba. Kutajwa ni heshima. Usipotajwa, unashika miguu ya ndama na kula moshi. Mzee Maddock hakuwahi kumtaja mwanamke, alisema ulimi wake haukujaliwa hivyo. Lakini ndama wakizidi na wanaume wakikosakosa, alikuwa akitazama mawingu na kusema, "Mtu amlete Jumapili." Hivyo tu. Thora aliweka kikombe chake chini, akapanda, na ndani ya saa moja kazi ya siku ikawa imefika ukingoni. Miaka yote ile aliyeitwa ni farasi, si yeye.

Nilikisogelea kiti nikakaa. Wiki zote zile nilikuwa nimejipandisha mgongoni mwa farasi ambaye hakunikubali, nikijivisha kazi ya mtu mwingine, na kioo, bila kuniuliza, kilikuwa kikimrudishia mwenyewe.

"Sikio limelala," Delmer akasema taratibu. "Na kamba iko kazini. Umeona? Ungekuwa wewe juu yake, ungelazimika kulisimamisha."

Nilikuwa sijaona. Nikaona. Na hapo ndipo kicheko kilichokuwa kimenizunguka tangu mwanzo kiliponipata, kikaniangusha kifua juu ya meza, Delmer akinipiga mgongoni kama mtu aliyekabwa na mfupa.

Delmer alipopata pumzi alikwenda kwenye simu.

"Thora? Delmer. Niko kwa Wendell, njoo... Hapana, hajafa. Amekutengeneza... Kwa udongo... Hapana, umevaa." Akaziba simu kwa kiganja. "Anauliza umemvalisha nini."

"Shati langu."

"Shati lake," Delmer akasema kwenye simu, kisha akaisogeza mbali na sikio.

Alifika na matope mpaka magotini na mikono ya shati imekunjwa. Ni majira ya kuzaa ng'ombe, na harufu ya ndama aliyetoka kumvuta tumboni mwa mamaye ilimtangulia. Mbwa wake alibaki mlangoni, akamwona Jumapili, akanguruma. Delmer alinikanyaga mguu kwa furaha.

Thora hakutusalimu. Alikuja upande wa kushoto kama Delmer alivyokuja, akaweka dole gumba juu ya kile kipande cha sikio, akakaa hivyo. Nilimpita kwa macho, nikatazama dirisha. Kilimani theluji ilikuwa imebaki viraka viraka.

"Ncha uliikumbuka," akasema.

Kisha akainua macho kwa mpanda farasi. Akazunguka meza mara moja, akarudi.

"Ni kosa, Thora," nikasema. Nilihesabu maneno yangu kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. "Nilitaka niwe mimi. Kioo kiligeuza. Lakini farasi anasema ni wewe, na Delmer anasema ni wewe, na sasa mimi pia siwezi kumwona mtu mwingine. Ukisema nimtoe, namtoa sasa hivi. Ukisema abaki, utasimama mlangoni pale na watu wote watakupita."

Aliifuata kamba kwa kidole mpaka kwenye pembe ya tandiko.

"Mkono ni wangu," Thora akasema mwishowe. "Mgongo huu uliopinda ni wangu pia, Mungu akusamehe. Shati nitazoea." Akainama karibu. "Lakini pua hii ni ya nani?"

Delmer akatoa sauti ya birika.

"Nauliza. Maana pua hii naijua. Pua hii niliikataa kwenye dansi ya kikosi cha zimamoto, mbele ya wilaya nzima, nikiwa msichana. Sasa nibandikwe nayo, nisimame nayo mlangoni mvua na jua?"

"Hukukataa pua," nikasema. "Ulisema nacheza kama ng'ombe anayevuka daraja."

"Pua ilichangia."

"Kumbe ulipaswa kuniambia."

"Ungeifanyia nini, Wendell? Hata sasa huwezi kuiondoa. Mimi naweza. Naruhusiwa?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Alinyoosha mkono wa kushoto, akaibana pua ile kwa vidole viwili, akaizungusha kidogo kama mtu anayechuma tunda, akaing'oa. Aliiviringisha kiganjani mpaka ikawa gololi, akaidondosha kwenye kikaango. Delmer alitoka nje. Tulimsikia akijigonga kwenye mlango wa pikapu yake, akilia kwa kicheko, na mbwa akambwekea.

Thora alibaki akimtazama mpanda farasi asiye na pua. Uso wake ulikuwa umelegea kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, hata kwenye dansi ile.

"Chini yake mtaandika nini?" akauliza.

Nilikuwa nimeshaamua zamani. Neno moja, Jumapili. Nilifungua kinywa kulisema, nikamwona Mzee Maddock akitazama mawingu.

"Majina mawili," nikasema. "Lako kwanza."

"Farasi atanuna."

"Amezoea kupumzika."

Alicheka, kicheko kifupi cha puani, akafuta mikono kwenye suruali. "Kesho asubuhi nikimaliza kulisha nitakuja na pua yangu mwenyewe. Na nywele. Nilikuwa nazisuka msuko mmoja nyuma, ulisahau."

"Sikusahau. Zilikuwa hazimo kiooni."

"Basi kigeuze hicho kioo ukutani," akasema, akaondoka, na mbwa wake akaondoka kinyumenyume.

Nikampigia Ruben nimwambie lori lisije. Akauliza kuna tatizo gani. Nikamwambia mpanda farasi hana pua na amekuwa mwanamke. Kisha akasema kwamba lori linakuja vile vile, yeye atakaa pembeni anywe kahawa mpaka pua ikaze, na anakuja na mkewe, maana hili akisimuliwa tu bila kuliona atalia.

Delmer aliingia kuchukua kofia yake. Macho yalikuwa mekundu.

"Thora akichoka kukaa kwenye tandiko atapumzika wapi?" akauliza. "Nitaleta kiti. Nitaleta viti viwili. Nitaleta mikate zaidi." Akasimama mlangoni, akamtazama Jumapili mara ya mwisho. Nilisubiri. "Nimeshaona vibaya zaidi," akasema. "Sikumbuki wapi."

Alipoondoka nilikigeuza kioo kikatazama mbao. Nilishusha kamba yangu kutoka upande wa kulia wa tandiko la pipani, nikaifunga kushoto, tayari kwa Thora. Nikafagia. Kwa kidole chenye joto nikalainisha pale pua ilipokuwa, pabaki tambarare, pasimwambie mtu chochote mapema. Sikio la Jumapili nililibonyeza mara moja tu, halikuhitaji zaidi. Nikawafunika wote wawili kwa koti langu la mvua.

Kikaango nilikizima mwisho. Pua yangu ilikuwa bado ndani, imeyeyuka upande mmoja, upande wa pili umeanza kukaza. Nikaiacha humo humo. Kesho huenda ikatosha kuwa msuko.